MASHINI KWANZA AU WATEJA KWANZA?

Ndugu Wanachama,



Mkutano wa tawi letu mwezi ujao utaulizwa jambo moja kubwa. Kikundi cha wake zetu, pamoja na wazee wanaokaribia kustaafu, wanataka kuchukua mkopo wa Shs. 600,000/- wanunue mashini ya kudarizi beji na majina juu ya nguo. Sisi tunaombwa tuwe wadhamini. Maana yake ni kwamba mkopo ukikwama, karatasi zetu za mshahara ndizo zitakazolia.

Wengi wameniuliza maoni yangu, kwa sababu wanajua ninayo mashini ya namna hiyo nyumbani. Wengine wanadhani mimi ni tajiri. Basi leo nitasema wazi wazi, hata lile la kunitia haya, ili mwenzangu asitumbukie katika shimo nililotumbukia mimi.

YALIYONIPATA

Mimi nilichukua mkopo wa Shs. 480,000/- kulipa kwa miezi 48, riba asilimia 1 kila mwezi juu ya deni lililobaki. Nakatwa Shs. 12,640/- kila mwezi. Nimekwisha kulipa miezi 26, imebaki 22. Mashini niliyonunua ni ya kichwa kimoja na sindano 12. Siku niliyokwenda kuiona dukani ilikuwa inadarizi simba wa rangi saba, na muuzaji alikuwa ananipa soda baridi. Nilitazama yule simba mpaka akili yangu ikaenda likizo.

Mke wangu ni fundi wa cherehani. Usiku ule aliniuliza neno moja tu: "Baba Wambui, ni nani atakayenunua?" Mimi nikamjibu kwamba watu ni wengi Nairobi hii. Ndugu zangu, hilo halikuwa jibu. Watu wengi si wateja wengi.

Mashini ilipofika nyumbani nikajifunza mambo ambayo muuzaji hakuniambia, wala mimi sikuuliza. Nilidhani ukiipa picha itaidarizi. Sivyo. Mashini haijui picha. Inajua mishono tu. Lazima mtu mwenye ujuzi aketi kwenye kompyuta aigeuze ile picha iwe mishono, aipangie sindano ianze wapi, igeuke wapi, na uzi ukatwe wapi. Sikuwa na programu ya kazi hiyo wala ujuzi wake, basi kila beji mpya nilimlipa mtu wa mjini. Tena kuna karatasi maalum ya kutiwa chini ya kitambaa, bila hiyo sweta hujikunja kama sikio la mbwa. Uzi wa bei rahisi ulikatika kila dakika mbili. Na mafunzo niliyoahidiwa yalikuwa ya asubuhi moja, fundi akitazama saa yake.

Mashini ikafunikwa shuka, nasi tukawa tunaipita kama tunavyopita kaburi. Makato hayakufunikwa shuka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, na mimi nilikuwa nimefika pale pale mpakani. Mtoto wetu wa kwanza akarudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Baba yake ana mashini ya karibu nusu milioni sebuleni, naye mtoto amekaa juu ya kiti kando yake, hana masomo. Mimi sitasahau hilo.

HESABU YA BEJI

Sasa msidhani nasema mashini ya kudarizi ni mbaya. Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa darasani, faida na hasara.

Beji ya kawaida ya kifuani, kama ile ya sweta ya shule, huwa na mishono kama 8,000. Muuzaji atakuambia mashini inapiga mishono 1,000 kwa dakika. Ni kweli inaweza, kama vile injini inaweza kukimbia sana ikiwa haina mabehewa. Mimi naiendesha mishono 650 ili kazi iwe safi. Hiyo ni dakika 12 na kitu. Ongeza kubana nguo katika fremu yake, kubadili rangi, na uzi kukatika, unapata dakika 15. Kwa hiyo ni beji 4 kwa saa, au 32 kwa siku ya saa 8.

Mimi natoza Shs. 60/- kwa beji. Uzi, karatasi, sindano na stima hunila kama Shs. 15/-. Zinabaki Shs. 45/-. Gawanya makato yangu ya 12,640 kwa 45, unapata beji 281. Yaani siku 9 za kazi kamili zinatosha kulipa deni la mwezi, na siku zinazobaki ni faida.

Mnaona? Kwa hesabu hiyo mashini si mwizi. Mwizi ni mashini iliyolala. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa napata beji 40 kwa mwezi. Mara 45, hizo ni Shs. 1,800/-. Shs. 10,840/- zilizobaki zilitoka katika mshahara wangu, katika jasho langu la karakana. Na beji za shule, ambazo ndizo nyingi, huja kwa wingi Desemba na Januari watoto wanapojitayarisha kufungua mwaka. Ikifika Machi ni kimya.

Sisi watu wa reli tunajua jambo hili kuliko wengine. Injini isiyo na mzigo inakula mafuta bure. Kwanza unatafuta mzigo, halafu unaita injini.

NJIA ZA KUTIA ALAMA NGUONI

Kosa jingine ni kudhani kuna njia moja tu. Ziko nyingi, na kila moja ina kazi yake.

Kudarizi ni kazi ya kudumu. Inafaa sweta, kofia, koti la kazi na shati lenye ukosi. Haipendi fulana nyepesi, maana mishono mingi huvuta kitambaa.

Kuchapa kwa wavu ni kazi ya zamani. Mwingereza mmoja wa Manchester, Samuel Simon, alipata hati ya uvumbuzi kwa njia ya namna hiyo mwaka 1907. Una fremu ya mbao au ya chuma, imevutwa kitambaa cha wavu mwembamba sana. Unapaka dawa inayokuwa ngumu kwa mwanga, unaweka mchoro mweusi juu yake, unaweka kwenye mwanga mkali, kisha unaosha. Pale palipokuwa na mchoro panabaki matundu. Unaweka fulana chini, unatia wino, unapitisha kibao chenye ukingo wa mpira, basi. Kila rangi inataka fremu yake. Kwa hiyo fulana 200 za rangi moja ni kazi tamu, lakini fulana 3 za rangi sita ni hasara. Angalieni pia ukaushaji. Wino wa plastiki haukauki kwa upepo, lazima upate joto la digrii kama 160 mpaka ndani. Usipofika hapo, mteja atafua mara mbili na jina la kwaya yake litabaki kwenye karai.

Tatu ni pasi kubwa ya kukandamiza kwa joto. Kwa hiyo unabandika majina na namba zilizokatwa kwa plastiki nyembamba, kama zile za jezi za mpira. Kuna na wino ule unaogeuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Huo unataka kitambaa cha polista tena cheupe au cha rangi hafifu, na joto la digrii kama 200. Ukiutia katika pamba utatoka. Mtu mmoja aliuziwa wino huo pamoja na fulana 50 za pamba nyeusi, na muuzaji akapokea pesa bila kusema neno.

Siku hizi kuna pia mitambo ya kuchapa rangi zote juu ya filamu, ndipo unakandamiza katika nguo. Kazi yake ni nzuri sana kutazama. Lakini wino wake mweupe ni mzito, hutuama chini ukiachwa, na matundu ya kichwa huziba. Mtambo wa namna hiyo lazima ufanye kazi mara kwa mara na kusafishwa. Mwenye oda moja kwa mwezi asiuguse.

WANAOSEMA CHAMA KISIINGIE BIASHARA

Najua kuna ndugu watakaosimama mkutanoni waseme kazi ya chama ni kudai mishahara, si kuuza fulana. Mimi nakubaliana nao nusu. Ni hatari kweli mwajiri akisikia ati wafanya kazi wana biashara zao. Atasema, "Hawa wanajiweza, nyongeza ya nini?" Basi tuseme wazi: mshahara wa mfanya kazi lazima umtoshe yeye na watoto wake bila mkewe kukesha juu ya sindano. Dai hilo halipungui hata senti moja kwa sababu ya mashini yo yote.

Lakini nusu nyingine sikubaliani nao. Wanachama wanakopa kila mwezi, chama kikisema au kikinyamaza. Mtu anakopa peke yake, anadanganywa peke yake, anakatwa peke yake. Tulijiunga katika chama ili tusisimame peke yetu mbele ya mwajiri. Kwa nini tusimame peke yetu mbele ya muuzaji wa mashini?

Tena tazameni jambo hili. Kila tarehe 1 Mei tunavaa fulana na kofia za chama. Tunawalipa watu wengine watuchapie, na nguo zingine zimepauka kabla ya Juni. Mteja wa kwanza wa kikundi hiki ni sisi wenyewe. Tawi letu, matawi jirani, timu ya mpira, kwaya za makanisa yetu, vikundi vya akina mama, matatu za mtaani, hata familia zenye msiba, maana siku hizi watu huchapa fulana za kumkumbuka marehemu. Wote hao wanataka kuchapa kwa wavu kabla hawajataka kudarizi. Na fremu, dawa, wino na pasi ya kukandamiza havifiki hata sehemu ya sita ya bei ya ile mashini. Mke wangu na mimi tulinunua vyote hivyo, pamoja na fulana 100 za kuanzia, kwa chini ya Shs. 90,000/-. Kazi hiyo ndiyo imekuwa ikilisha mashini yangu, maana mteja aliyekuja kwa fulana hurudi baadaye kwa sweta.

NINAYOSHAURI

1. Daftari kabla ya mkopo. Kikundi kiandike kwa miezi mitatu kila oda, jina la mteja, idadi, bei, na kama pesa zimelipwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Kujifunza kabla ya kununua. Wachaguliwe akina mama wawili wakafundishwe, mmoja kuchapa na mmoja kugeuza picha kuwa mishono. Viko vyuo vya ufundi vya kaunti, na hapa Nairobi iko taasisi ya mafunzo ya nguo iliyo chini ya NITA. Afadhali kulipa karo ya miezi michache kuliko kulipa ujinga miezi 48 kama mimi.

3. Siku ya kununua waende watu watatu, mmoja wao fundi wa umeme. Wasinywe soda mpaka wapate majibu haya: Je, mashini inatumia stima ya nyumbani ya volti 240 au ya fezi tatu? Stima ikipotea katikati ya beji, je, inakumbuka ilipofikia? Sindano, bobini na sehemu zinazochakaa zinapatikana hapa nchini, au zinaagizwa ng'ambo? Nani atakuja ikivunjika, baada ya siku ngapi, kwa malipo gani? Programu ya kompyuta imo katika bei, au ni bei nyingine? Bei imetia VAT ya asilimia 16, au itaongezwa mlangoni? Majibu yote yaandikwe na kutiwa sahihi. Neno la mdomo ni upepo.

4. Wachukue sweta yao wenyewe na kofia yao wenyewe, wadarizi pale pale dukani. Simba wa muuzaji amekwisha kupimwa na kurekebishwa siku nyingi. Na kama mashini ni kuukuu, ifanye kazi mbele yao saa nzima, si dakika tano.

5. Kusoma kila karatasi ya mkopo. Tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana ya mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha cherehani yako, friji yako au mashini yenyewe kuwa dhamana. Si kosa kutia sahihi, lakini ni kosa kutia bila kujua.

6. Mali iwe ya kikundi, si ya mtu. Risiti iandikwe jina la kikundi, na ufunguo uwe kwa watu wawili.

7. Kila mama anayefanya kazi alipwe kwa kazi yake kabla ya faida kugawanywa. Itakuwa aibu kubwa sisi tunaomlilia mwajiri juu ya mishahara tugeuke waajiri wasiolipa. Kazi ya usiku ni kazi, hata ikifanywa nyumbani na mke wako.

8. Kutokuchapa alama za watu. Sheria ya kuzuia bidhaa bandia ya mwaka 2008 ipo. Kijana akileta fulana 30 akitaka alama ya kampuni kubwa ya viatu vya Ulaya, mwambieni aende na amani. Hata alama ya mwajiri wetu isichapwe bila barua ya ruhusa.

MANENO YA MWISHO

Wengine watanong'ona kwamba nasema haya ili nisipate mshindani, au kwamba nataka kuwauzia mashini yangu. Siuzi. Nami nitasema mbele yenu nitakalofanya.

Mimi na Mama Wambui tumezungumza. Tuko tayari kuileta mashini yetu katika chumba cha kikundi kwa miezi mitatu. Hatutaki kodi. Kikundi kitalipa stima, uzi na sindano. Mama Wambui atakaa nayo siku tatu kila juma kuwaonyesha wenzake, naye alipwe kwa kila beji kama mama mwingine ye yote. Sharti lake ni moja: oda zote, zake na za kikundi, ziandikwe katika daftari moja ambalo kila mwanachama anaweza kulifungua.

Baada ya miezi mitatu tutahesabu. Mkopo wa 600,000 kwa masharti kama yangu ni makato ya Shs. 15,800/- kila mwezi. Kwa faida ya 45 kwa beji, hizo ni beji 352. Ikiwa daftari litaonyesha beji zaidi ya 352 kila mwezi, zilizolipwa, si zilizoahidiwa, mimi nitakuwa wa kwanza kutia sahihi ya mdhamini. Ikiwa zitakuwa 100, tutashukuru Mungu kwamba tulipima kabla ya kukata, nao akina mama wataendelea na fulana na fremu zao bila deni shingoni mwa mtu.

Kwa hiyo kura yangu katika mkutano itakuwa hivi: NDIYO kwa kikundi, NDIYO kwa fremu na wino, NDIYO kwa fulana za Mei kuchapwa na mikono yetu. Kwa mkopo wa mashini, BADO.

Mwenye kunipinga asinipinge uchochoroni. Aje mkutanoni na hesabu yake, tuiandike ubaoni, kila mtu aione. Na mwenye kutaka kuona mashini inavyofanya kazi, anione karakana saa ya chakula, nitamwambia siku ya kuja nyumbani. Soda sina, lakini chai ipo, na maswali yote nitayajibu.

UMOJA NI NGUVU.

Ndimi ndugu yenu,
Fundi wa Karakana